Kabla hujachezea taimingi na hewa ya pikipiki, zijue hesabu za injini

Na MWANDISHI WETU

MHUDUMU wa bodaboda anayepanda kutoka Biretwo, katika bonde la Kerio, hadi mjini Iten hulifahamu vyema tatizo ambalo mwenzake wa Mombasa halijui.

Pikipiki iliyokuwa ikinguruma kwa ukakamavu bondeni huanza kukohoa ikikaribia Tambach. Kabla ya kukifikia kilele, huwa imerudishwa gia ya pili, abiria akiwa mgongoni na gunia la maembe likiwa limefungwa nyuma yake.

Aghalabu ni baada ya safari kadhaa za aina hiyo ambapo mhudumu humwendea fundi na kumwomba amfanyie chochote kile ili injini ipate nguvu.

Fundi wa jua kali naye ana tiba mbili zilizozoeleka. Ya kwanza ni kutanguliza taimingi, yaani kuifanya plagi itoe cheche mapema zaidi. Ya pili ni kuipa injini hewa zaidi kwa kuondoa chujio la hewa au kulitoboa sanduku lake.

Tiba zote mbili zina msingi wa kweli, na ndiyo sababu haziishi kusifiwa vijiweni. Hata hivyo, ni tiba hizo hizo ambazo huweza kuitoboa pistoni, kuila silinda na kumwacha mhudumu akisukuma chombo ambacho bado hajamaliza kukilipia.

Ili kufahamu ni kwa nini dawa moja huponya leo na kuua kesho, yafaa kwanza kujua kinachoipa injini nguvu.

HEWA NYEPESI YA MILIMANI

Injini ya pikipiki haiendeshwi na petroli pekee. Huendeshwa na petroli iliyochanganyika na hewa, kisha ikawashwa kwa cheche. Ili gramu moja ya petroli iungue yote bila kubakisha kitu, huhitaji takriban gramu 14.7 za hewa. Ili injini itoe nguvu zake za juu kabisa, hupendelea petroli izidi kidogo, yaani gramu 12.5 hadi 13 za hewa kwa kila gramu ya petroli.

Iten upo takriban mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, nayo sakafu ya bonde la Kerio iko zaidi ya mita 1,000 chini yake. Kadri mtu anavyopanda ndivyo hewa inavyozidi kuwa nyepesi. Lita moja ya hewa ya Iten ina takriban asilimia 80 tu ya uzani wa lita moja ya hewa ya Mombasa.

Maana yake ni kwamba pikipiki ya CC 150 ambayo pwani hutoa nguvu za farasi 12, hubaki na chini ya 10 ikiwa Iten, hata kama imetoka dukani jana. Mjini Eldoret, ulio kwenye kimo cha takriban mita 2,100, na Nairobi, wenye takriban mita 1,700, upungufu huo pia upo ingawa ni mdogo zaidi.

Hakuna fundi aliyeziiba nguvu hizo, wala hakuna fundi awezaye kuzirudisha zote.

Kuna jambo jingine. Kabureta haipimi uzani wa hewa. Huvuta petroli kulingana na kasi ya hewa inayopita katika koo lake. Kwa hivyo, hewa inapopungua uzani, petroli haipungui kwa kiwango hicho hicho. Matokeo ni kwamba milimani injini hupewa petroli kupita kiasi. Plagi huingia masizi meusi, moshi hunuka petroli na injini husitasita.

Baadhi ya pikipiki mpya hupuliza petroli kwa kuongozwa na kompyuta ndogo inayopima hewa, nazo hujirekebisha zenyewe. Lakini pikipiki nyingi za bodaboda bado zinategemea kabureta, na kabureta haina macho ya kuuona mlima.

CHECHE HUTANGULIA KILELE

Watu wengi hudhani kwamba plagi hutoa cheche pistoni inapofika juu kabisa ya silinda. La hasha. Hutoa cheche kabla ya hapo.

Sababu ni kwamba mchanganyiko wa petroli na hewa hauwaki wote kwa mara moja. Moto huanzia kwenye ncha ya plagi na kuenea, mithili ya moto wa nyikani unaoanzia kwenye kijiti kimoja. Injini inapozunguka mara 6,000 kwa dakika, mhimili wake hufanya mizunguko 100 kwa kila sekunde moja. Wakati moto ungali unaenea, pistoni huwa imekwisha kusonga.

Lengo ni kwamba msukumo mkubwa kabisa wa moto uipate pistoni ikiwa imekivuka kilele kidogo, takriban digrii 15 za mzunguko, ili uisukume chini kwa nguvu zote. Kwa hivyo cheche huanzishwa mapema. Katika pikipiki nyingi ndogo huwa ni digrii 10 hadi 15 kabla ya kilele injini ikizunguka polepole, na digrii 25 hadi 35 ikizunguka kwa kasi.

Katika pikipiki za zamani za Uingereza, mwendeshaji mwenyewe ndiye aliyefanya kazi hiyo kwa kiwiko kidogo kilichokuwa kwenye usukani. Siku hizi kazi hiyo hufanywa na kisanduku cha CDI, ambacho huarifiwa na koili ndogo iliyo kando ya gurudumu la sumaku kila mara mhimili unapopita.

Fundi anayetaka kutanguliza taimingi husogeza koili hiyo, hukwangua kifunguo kinacholishika gurudumu la sumaku, au hubadilisha kisanduku chenyewe na kuweka kile kinachouzwa kwa jina la CDI ya mashindano.

Je, kuna faida? Ndiyo, lakini ni ndogo. Kiwanda hakijui pikipiki itauzwa wapi, itabeba mzigo gani wala itanyweshwa petroli ya aina gani. Kwa hivyo huacha nafasi ya usalama. Digrii mbili au tatu ndani ya nafasi hiyo huweza kuifanya injini iwe nyepesi kidogo mkononi.

Ukipita hapo, nguvu hazizidi bali hupungua. Moto huifikia pistoni ikiwa bado inapanda na kuisukuma irudi ilikotoka. Dalili ya kwanza huonekana wakati wa kuwasha, ambapo kiki hurudi kwa kishindo na huweza kuuvunja mguu wa anayeikanyaga.

Dalili ya pili ni mbaya zaidi. Injini huanza kugonga, sauti yake ikiwa kama ya kokoto zinazotikiswa ndani ya mkebe. Hapo sehemu ya mchanganyiko hulipuka yenyewe kwa ghafla badala ya kuungua kwa utaratibu. Mlipuko huo hupiga kichwa cha pistoni kama nyundo, huongeza joto na, ukiendelea, huvunja ringi au kuitoboa pistoni.

Ieleweke pia kwamba injini hugonga kwa urahisi zaidi inapobebeshwa mzigo mzito ikiwa inazunguka polepole huku aksileta ikiwa imefunguliwa yote. Hiyo ndiyo hali hasa ya bodaboda inayoupanda mlima katika gia isiyofaa. Petroli iliyochanganywa na mafuta taa huzidisha hatari hiyo, maadamu mafuta taa hayana uwezo wa petroli wa kustahimili mgandamizo bila kulipuka.

Nacho kisanduku cha CDI ya mashindano kina hila yake. Vingi huondoa kikomo cha mizunguko kilichowekwa na kiwanda. Nguvu zinazoivuta konrodi huongezeka kwa mraba wa mizunguko. Injini iliyotengenezwa kuzunguka mara 8,000 kwa dakika ikilazimishwa kufika 10,000, kasi imeongezeka kwa robo tu, lakini nguvu zinazoivuta konrodi zimeongezeka kwa zaidi ya nusu.

CHUJIO LA HEWA SI KIZIBO

Tuje sasa kwenye hewa. Injini ya CC 150 inayozunguka mara 6,000 kwa dakika huvuta pumzi mara 3,000 katika dakika hiyo. Aksileta ikiwa wazi yote, hiyo ni karibu lita 400 za hewa kila dakika.

Fikiria sasa barabara ya vumbi ya Kitui au Turkana wakati wa kiangazi, lori likiwa limetangulia. Vumbi hilo lina chembe za mchanga zilizo ngumu kuliko chuma cha silinda. Zikipita bila kuchujwa, hushikana na oili na kuwa kama msasa unaosugua ringi na kuta za silinda kila pistoni inapopanda na kushuka.

Mhudumu haoni kitu siku ya kwanza. Baadaye huona moshi wa buluu, oili inayopungua bila kuvuja na injini iliyokosa mgandamizo. Aliyetafuta nguvu amezipoteza, na sasa silinda yapaswa kuchongwa upya na kutiwa pistoni kubwa zaidi.

Sanduku la chujio nalo si pambo. Ni ghala la hewa tulivu ambalo kabureta huvuta kutoka kwalo, na vipimo vyake huchaguliwa ili kuisaidia injini kwenye mizunguko ya chini na ya kati. Likiondolewa, huenda injini ikapata nguvu kidogo ikiwa kwenye mizunguko ya juu kabisa na kuzipoteza pale chini, ambapo ndipo anayepanda mlima huzihitaji.

Isitoshe, kelele za uvutaji hewa husikika kwa wingi, na wengi hudhani kelele ni nguvu. Kanuni za kudhibiti kelele zilizotolewa mwaka 2009 chini ya sheria ya mazingira haziwapi waendeshaji wa pikipiki ruhusa ya kuwakera wananchi.

MTEGO WA MLIMA NA BONDE

Mbona basi wahudumu wengi wa nyanda za juu huapa kwamba pikipiki zao ziliimarika pindi chujio lilipoondolewa?

Jibu ni kwamba hawasemi uongo. Tumeona kuwa milimani injini hupewa petroli kupita kiasi. Chujio linapoondolewa, hewa huingia kwa urahisi zaidi, petroli hupungua katika mchanganyiko na kipimo husogea karibu na kile kinachofaa. Injini huchangamka.

Vivyo hivyo kwa cheche. Katika hewa nyepesi moto huenea polepole zaidi na mgandamizo ndani ya silinda ni mdogo. Injini iliyoko Iten huweza kuvumilia cheche iliyotangulizwa digrii chache bila kugonga.

Tatizo ni kwamba mhudumu huyo haishi kileleni. Saa moja baadaye huteremka na abiria mwingine hadi bondeni, ambako hewa ni nzito na joto aghalabu hupita nyuzi 30. Huko, kabureta isiyo na chujio humpa petroli kidogo mno. Mchanganyiko mkavu huungua kwa joto kali. Cheche iliyotangulizwa nayo sasa imekuwa ya mapema kupita kiasi.

Makosa hayo mawili hukutana mahali pamoja, yaani juu ya kichwa cha pistoni, na hukutana wakati anapogeuza pikipiki na kuanza kuupanda mlima tena akiwa na mzigo.

Hiyo ndiyo siri ya dawa inayoponya leo na kuua kesho. Hewa, petroli na cheche ni mafiga matatu. Ukiondoa figa moja, chungu hakikai.

ANZA NA ULICHOPOTEZA

Kabla ya kutafuta nguvu za ziada, ni busara kurudisha zile ambazo pikipiki ilikuja nazo. Bodaboda inayofanya kazi kutwa kucha huzipoteza kidogo kidogo bila mwenyewe kutambua.

Chujio lililojaa vumbi huinyima injini pumzi, na kulisafisha au kulibadilisha hakuhitaji ufundi mkubwa. La sponji huoshwa, hukaushwa na kupakwa oili kidogo. La karatasi hukung'utwa au hubadilishwa, wala halioshwi kwa petroli.

Plagi iliyolika hutoa cheche dhaifu. Rangi yake pia ni barua kutoka ndani ya injini. Ikiwa ya kahawia, mambo ni shwari. Ikiwa nyeusi yenye masizi, petroli imezidi. Ikiwa nyeupe kama chokaa, mchanganyiko ni mkavu au joto limezidi, na safari haifai kuendelea kabla ya kujua sababu.

Valvu zilizobana zaidi ya kipimo huvujisha mgandamizo. Mnyororo mkavu au uliolegea, tairi zisizo na upepo wa kutosha na breki zinazoshika daima hula nguvu ambazo tayari zimetoka kwenye injini.

Taimingi yenyewe pia huweza kuwa imeharibika. Magurudumu mengi ya sumaku yana alama mbili, T kwa kilele cha pistoni na F kwa mahali pa cheche. Fundi mwenye taa maalumu ya kupimia taimingi humulika alama hizo injini ikizunguka polepole, na F yapaswa kuonekana ikiwa mkabala na alama iliyo kwenye ganda la injini. Isipokuwa hivyo, huenda kifunguo cha gurudumu kimelika na cheche inachelewa. Kukibadilisha hurudisha nguvu bila kubuni lolote.

Kwa anayesumbuliwa na milima, ipo njia nyingine ambayo haiigusi injini hata kidogo. Ni kubadilisha sproketi ya mbele. Kutoka meno 14 hadi 13, msukumo kwenye gurudumu la nyuma huongezeka kwa takriban asilimia 8. Gharama yake ni kwamba kasi ya juu hupungua kwa kiasi kinachokaribia hicho, jambo ambalo barabarani si hasara kubwa.

Pia kuna mzigo. Sheria ya Trafiki inaruhusu abiria mmoja tu kwenye pikipiki. Injini inayolaumiwa kwa kukosa nguvu huku imebeba watu wanne kwa hakika haina kosa.

IKIWA LAZIMA UBADILISHE

Anayeshikilia kubadilisha na azingatie utaratibu. Abadilishe kitu kimoja kwa wakati mmoja, kwa kiasi kidogo, na aandike kilivyokuwa ili aweze kukirudisha.

Akiongeza hewa, chujio libaki, na jeti ya kabureta ibadilishwe iendane na hewa hiyo. Baada ya safari ndefu, plagi ifunguliwe na rangi yake isomwe.

Akigusa taimingi, kipimo kifanywe kwa taa na si kwa sikio. Sikio la fundi, hata awe stadi kiasi gani, haliwezi kuzitambua digrii tatu, kwa kuwa injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, digrii moja hupita katika sehemu moja ya 36,000 ya sekunde.

Na muhimu kuliko yote, injini irekebishwe kwa kuzingatia mahali pa chini kabisa na penye joto zaidi ambapo pikipiki hufika, wala si kileleni. Injini iliyopimwa kwa ajili ya bonde itakuwa nzito kidogo mlimani, lakini haitakufa. Iliyopimwa kwa ajili ya kilele huweza kufia bondeni.

Mwenye pikipiki ya mkopo na ausome mkataba wake kabla ya kufungua skrubu yoyote, kwa sababu chombo bado kina mwenyewe. Dhamana ya muuzaji nayo huweza kubatilika, na bima huweza kuzua maswali kukitokea ajali.

Tusisahau breki. Kasi inayoongezwa kwenye injini haiongezwi kwenye breki, na mteremko ule ule kati ya Iten na Tambach unaomsumbua mhudumu akipanda humsubiri akishuka.

Wahenga walisema mwenye pupa hadiriki kula tamu. Kijana aliyechukua pikipiki kwa mkopo hulipa kila wiki, injini ikiwa nzima au imekufa. Pikipiki inayoupanda mlima polepole leo, kesho na mwaka ujao humlipia deni lake. Ile iliyoupanda kwa kishindo mwezi mmoja na kuzimika humwachia deni bila chombo cha kulilipia.